Mganga anayeokota ulogi: Je, hatua ya kwanza ya 'Zau' imetimiza ahadi?

Likizo ya Agosti niliimalizia nyumbani Ruiri, na kama kawaida nilibeba mzigo wa tasnifu za wanafunzi ambao sikuufungua. Mjukuu wangu, aliye Kidato cha Tatu, alikuwa ameazimwa kipakatalishi na mjomba wake. Siku ya pili jioni akaniita kutoka sebuleni: "Guka, kuja uone. Kuna gemu ya kwetu."

Maneno hayo mawili, "ya kwetu", ndiyo yaliyoniondoa kitini. Nimefundisha fasihi ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimeona vitu vingi vikiitwa vya kwetu ambavyo ukivichungulia ni vya wengine vilivyovishwa kikoi. Kwa hivyo nilikwenda nikiwa na shaka. Sharti niseme pia jambo jingine, kwa sababu linahusu hukumu nitakayoitoa: baba ya kijana huyu, mwanangu, tulimzika hapa Ruiri mwaka juzi. Na gemu yenyewe inahusu mtoto aliyefiwa na baba.

Mchezo huo unaitwa 'Tales of Kenzera: ZAU'. Ulitoka tarehe 23 Aprili 2024, ukiwa umebuniwa na studio ya Uingereza iitwayo Surgent na kuchapishwa chini ya mwavuli wa kampuni kubwa ya Marekani, Electronic Arts. Anayeiongoza studio hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika familia yenye asili ya Kenya. Wapenzi wa michezo ya video wanaifahamu sauti yake kwa sababu ndiye Bayek katika 'Assassin's Creed Origins' ya 2017. Mnamo Desemba 2023 alipanda jukwaani katika tuzo za The Game Awards kule Los Angeles, akautangaza mchezo wake kwa kuzungumza juu ya kifo cha baba yake mzazi. Haikuwa hotuba ya mwuza bidhaa. Aliahidi mambo mawili: kwamba tutaonyeshwa majonzi jinsi yalivyo, na kwamba tutaonyeshwa kwa macho ya masimulizi ya Wabantu. Kuanzia siku hiyo matarajio yalipaa, na huku kwetu yalipaa zaidi.

Swali ninalolishughulikia leo ni dogo. Sijauchambua mchezo mzima, maana sijaumaliza na huenda vidole vyangu visinifikishe huko. Nauliza tu iwapo mwanzo wake, yaani ile hatua ya kwanza, unailipa ile ahadi. (Vijana husema "levo". Wengine huandika "kiwango", wengine "ngazi". Mimi napendelea "hatua", kwa kuwa mchezaji hapandi kitu bali anasonga. Isitoshe, hatua ya kwanza ya mtoto hutazamwa na nyumba nzima.) Tulicheza toleo la Kiingereza, maana hivyo ndivyo kipakatalishi kilivyokuwa kimewekwa, na ninayoyasema yanahusu hilo.

Kwanza, sifa inayostahili. Mchezo hauanzi na shujaa, unaanza na Zuberi, kijana wa mji wa Amani ulio katika Kenzera ya siku zijazo, mji wa taa na majumba marefu. Baba yake amefariki. Zuberi anakabidhiwa kitabu ambacho marehemu alimwandikia. Anakifungua, na ndani yake ndimo tunamokutana na Zau, mganga kijana wa zama za kale, ambaye naye amefiwa na baba na ambaye anathubutu kumwita Kalunga, mungu wa mauti, ili wapatane bei. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeniambia mara moja kwamba hiyo ni hadithi ndani ya hadithi, na angepata alama zake. Lakini kuna zaidi. Mzazi anayejua kuwa siku zake zimehesabika, akaamua kumwachia mwanawe maandishi badala ya mali, ni jambo tunalolijua vyema katika Kiswahili. Mwana Kupona binti Mshamu alifanya hivyo mnamo 1858, akiwa mgonjwa, alipomtungia bintiye utenzi ambao hadi leo tunausoma na kuubishia madarasani. Sidhani Salim alikuwa na utenzi huo mezani. Pengine hakuuhitaji. Lakini pale kitabu kilipofunguliwa kwenye kioo, nilikubali kimoyomoyo kwamba mjukuu wangu hakukosea: kweli hii ilikuwa ya kwetu, na si kwa sababu ya vinyago na rangi za shanga.

Muziki nao unasaidia. Mtunzi wake ni Nainita Desai, na katika dakika hizo za mwanzo anajua kunyamaza.

Kisha tunakabidhiwa Zau, na mambo yanabadilika.

Michezo ya aina hii humzungusha mchezaji katika ramani moja kubwa. Unapita mahali huna uwezo, unapata uwezo, unarudi pale pale na mlango unafunguka. Ladha yake iko katika umaskini wa mwanzo. Zau, hata hivyo, anaanza akiwa tajiri. Vinyago viwili alivyoachiwa na baba yake, cha jua na cha mwezi, anavyo tangu mwanzo: cha jua ni moto na mapigano ya karibu, cha mwezi ni barafu na kurusha kutoka mbali. Anavibadilisha kwa kitufe kimoja, na lazima nikiri kwamba kubadilisha huko kunapendeza mno. Mwili wa Zau unacheza ngoma huku ukipigana. Mjukuu wangu alikuwa akitabasamu. Mimi nilianguka kwenye miiba mara saba, akanihesabia.

Tatizo si mkono wa mchezaji. Tatizo ni mdomo wa mchezo. Kalunga, aliyejigeuza mzee wa kawaida, anafuatana na Zau na kumweleza. Zau naye anajibu, anaeleza alivyo na uchungu, anaeleza kwa nini ana uchungu, na baada ya madaraja mawili anaeleza tena. Juu ya hayo yapo maandishi yanayokuambia ubonyeze nini. Hadhira imekuwa fanani, maana anayeshika vitufe ndiye anayeitenda hadithi, ilhali wasimulizi wengine wawili wamemkalia begani hawataki kumwachia kigoda.

Wanaofundisha ubunifu wa michezo hupenda kutoa mfano wa 'Super Mario Bros.' ya 1985, kazi ya Mjapani Shigeru Miyamoto, na safari hii nilielewa kwa nini. Pale mwanzo kabisa umesimama upande wa kushoto, mbele yako ni uwazi, basi unakwenda kulia. Anatokea kidude kilichonuna, kinakujia. Usiporuka unakufa, na hujapoteza kitu kwani ndio kwanza umeanza. Ukiruka ukagonga tofali kwa kichwa, uyoga unatoka, unateleza, unagonga bomba na kurudi kwako, ukitaka usitake. Umejifunza sheria tatu na hujasomewa hata sentensi moja. Najua mtu ataniambia kwamba Mario hajafiwa na mtu. Ni kweli. Lakini kama kuruka kunaweza kufundishwa bila maneno, msiba je? Matanga ya kwetu yana maneno mengi siku ya mazishi tu, wakati wa kusoma wasifu wa marehemu. Siku zinazofuata watu huja, huketi, hunywa chai, hukohoa, huulizia mvua.

Jambo hili sikulisema mimi kwanza. Tulikuwa tumefika kwenye mteremko fulani, Zau akisema tena habari za Baba yake, kijana akapunguza sauti ya kipakatalishi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Huyu anaongea sana, guka. Ukifiwa huongei hivyo." Akaendelea kucheza bila sauti. Nimesoma mapitio kadhaa ya mchezo huu, ya wahakiki wanaolipwa, na sikukutana na lililoipiga ile ahadi ya Los Angeles mahali pake kama hilo.

Sasa niingie katika kazi yangu halisi, ambayo ni maneno.

Zau anaitwa "nganga". Kuna msomaji atakayedhani wamekosea "mganga". Hawajakosea. Mzizi ni ule ule wa Kibantu, na katika Kikongo hutamkwa hivyo hivyo, nganga, ilhali Kiswahili kimeupachika kiambishi cha watu: m-ganga. Huku Ruiri tunasema "mugaa", na wengi wao "agaa". Kwamba mchezo unaouzwa duniani kwa dola 20 hivi, takriban Sh2,600, umethubutu kulitaja neno hili kwa jina lake ni hatua njema. Salim amesema babu yake alikuwa mganga, kwa hivyo neno hilo limetoka nyumbani. Ninachosikitikia ni kwamba mara neno linapotajwa, linafuatwa na tafsiri ya Kiingereza, "shaman", neno lililotokea Siberia kwa Watungus na kupitia Kirusi. Mganga amefika tu, tayari amevishwa koti la manyoya.

Lakini hilo dogo. Zito ni lile lililomtoa mke wangu jikoni. Kila Zau anapomshinda adui, vimulimuli vinamrukia na kumwingia mwilini. Ndiyo tuzo yake, ndiyo akiba anayoitumia baadaye kuongeza ujuzi. Mjukuu wangu, akieleza kwa sauti kubwa, akasema, "Hapa naokota ulogi. Ikijaa nitapata nguvu mpya."

"Ati unaokota nini?" nyanya yake akauliza, mwiko mkononi.

Akarudia. Ndivyo mchezo unavyoiita tuzo hiyo: ulogi.

Msomaji wa Kiswahili anajua kuloga, anamjua mlogi au mlozi. Msomaji wa Kimeru hahitaji hata kufungua kamusi: "murogi" ni yule wa kudhuru, na "urogi" ndiyo kazi yake. Wakikuyu husema vivyo hivyo, na ndiyo sababu Ngũgĩ wa Thiong'o alipoiita riwaya yake 'Mũrogi wa Kagogo' kila aliyesoma jalada alishtuka kidogo kabla ya kucheka. Mganga na mlogi si ndugu. Ni mahasimu. Mganga anaitwa kwa sababu mlogi amepita. Mganga anayeokota ulogi ili apate nguvu ni sawa na daktari anayepandishwa cheo kwa kila sumu anayoinywesha wadi.

Unaweza kusema, profesa, hii ni gemu, wacha watoto wacheze. Ningeacha, lau kosa hili lingekuwa jipya. Serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya uchawi mnamo 1925, nayo ingali katika vitabu vya sheria za Kenya, Sura ya 67. Machoni pa waliokuja kututawala, anayetibu na anayeloga walikaa karibu mno, kwa sababu wote walishika kibuyu. Tumeishi na mkanganyiko huo karne nzima. Kilifi na Kisii kuna wazee waliouawa kwa sababu jirani alitamka neno moja juu yao. Neno hilo si la kupachika kwenye vimulimuli vya buluu kwa kuwa lina sauti tamu ya Kiafrika. Na tazama lilivyokuwa rahisi kurekebishwa! "Uganga" lilikuwa pale pale, herufi sita, lina maana sahihi, na linakwenda na jina la shujaa. "Baraka" nalo lingefaa. Salim alilelewa akisikia hadithi za baba yake, na siamini alikusudia tusi. Nadhani mtu alitafuta neno la "nguvu za siri", akaletewa hilo, na hapakuwa na mzee chumbani wa kuuliza, "Ati mnaokota nini?"

Nina malalamiko madogo pia kuhusu neno "Bantu" linavyotandazwa. Kalunga anamtaka Zau amletee roho tatu kubwa zilizokataa kuingia kuzimu. Ya kwanza ni Impundulu, ndege wa radi wa Waxhosa na Wazulu, na hapo hatuna ugomvi. Lakini GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu, na Kikiyaon ametolewa Senegali. Msanii ana haki ya kuchanganya. Mradi asitwambie kwamba mchuzi wote umetoka chungu kimoja.

Sasa Kalunga mwenyewe. Hapa ndipo mwanzo wa mchezo ulipokaribia kabisa kuwa kazi kubwa, na ndipo uliponiacha na njaa. Mnamo 1894, Heli Chatelain alichapisha mkusanyiko wa ngano za Angola katika lugha ya Kimbundu. Mojawapo inamhusu mfalme Kitamba, aliyefiwa na mkewe mkuu, Muhongo. Mfalme akaamuru kijiji kizima kiomboleze: hakuna kulima, hakuna kutwanga, hakuna kelele, mpaka Muhongo arudishwe. Wazee wakamtafuta mganga. Mganga akachimbisha kaburi mahali pa kuwashia moto, akaingia na mtoto wake mdogo, wakatembea mpaka kwa Kalunga-ngombe, bwana wa wafu. Wakamkuta Muhongo ameketi anasuka kikapu. Hakulia. Aliwaambia kwamba aliyefika huku harudi, akampa mganga bangili yake iwe ushahidi, akakataa kuwapa chakula, maana wangekila wasingerudi wao pia. Mganga akapanda juu, akamwonyesha mfalme ile bangili. Mfalme akaitambua, na watu wakarudi mashambani.

Mtazame mganga huyo na Zau. Wote wawili wanamwendea Kalunga kwa ajili ya maiti. Wa Kimbundu anatumwa na kijiji kilichochoka kuomboleza. Anajua jibu kabla hajashuka, anachokwenda kukileta ni ushahidi tu. Msiba wake ni wa watu wote, na mtu mmoja, mfalme, ndiye aliyeufanya uwaelemee. Zau yuko peke yake. Katika hatua ile ya kwanza hakuna jirani, hakuna shangazi, hakuna mtu wa kumwambia keti ule. Kuna yeye, kifo, na maadui wa kupiga. Kuomboleza peke yako namna hiyo ni kwa Zuberi, kwa mji wa taa, na kwa vijana wetu walio ng'ambo wanaopokea habari za kifo kwa simu saa tisa usiku. Kama hivyo ndivyo Salim alivyofiwa, basi amesema ukweli wake, na siwezi kumwambia alie vingine. Ila kisitwambie kitabu cha Zuberi kwamba huo ndio ukale. Ukale ulikuwa na watu.

Kwa hivyo nitahukumu hivi: zile dakika za kitabu zinailipa ahadi yote, na riba juu. Kuanzia pale Zau anapoanza kukimbia, ahadi ya pili, ile ya masimulizi ya kwetu, inalipwa nusu, na ahadi ya kwanza, ya majonzi, inatajwa sana kuliko inavyotendwa. Mchezo huu ulipata tuzo ya BAFTA mnamo Aprili 2025, katika kitengo cha michezo inayopita mipaka ya burudani, na sina kijicho. Bado ningempa mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi aucheze, akiwa na kalamu karibu. Ningemwomba pia mwenye studio, siku atakapoturudia na kazi nyingine, aweke mezani mtu mmoja aliyekua akiogopa maneno haya.

Saa mbili usiku stima ilipotea, kama inavyopotea Ruiri upepo ukivuma kutoka mlimani. Betri ilikuwa imebaki kidogo. Zau alikuwa amefika chini ya mbuyu, mti mkubwa kama ile ya kule Tharaka, ambapo mchezo unamruhusu kuketi, kutafakari na kuongeza uhai. Kuna kitufe cha kumketisha. Nikamwona kijana ameweka kidole juu ya kitufe hicho, hakibonyezi. Sauti alikuwa bado ameizima. Mwanga wa kioo ulikuwa usoni mwake, na Zau amesimama tu pale, kanzu yake ikipepea.

"Betri itaisha," nikamwambia.

"Najua, guka."

Nyanya yake akaleta mshumaa na chai.